Dave Lombardo: Mpiga Dramu Aliyesomeshwa na Santuri

Dave Lombardo ni mpiga dramu wa Marekani, mzaliwa wa Havana, Kuba, anayehesabiwa miongoni mwa watu walioupa muziki wa metali ya kasi mdundo wake. Alizaliwa tarehe 16 Februari 1965, akapata jina akiwa na bendi ya Slayer ya California, na baadaye akapiga na bendi za panki, bendi za muziki wa majaribio na hata kundi la wapiga selo wa Finland. Ujuzi wake haukutoka chuo cha muziki. Ulitoka kwenye santuri, bendi ya shule, kumbi za disko na gereji walimofanyia mazoezi na wenzake. Njia hiyo inaonyesha kwamba mtu anayejifundisha ala huwa na walimu wengi tu. Huwachagua mwenyewe, humwacha huyu akamfuata yule, na mwishowe huyachanganya mafunzo yao kwa namna ambayo mtaala wa darasani usingeipanga.

Kazi ya dramu katika metali

Muziki wa hevi metali ulichipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Bendi ya Black Sabbath ya mjini Birmingham, iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970, ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa chimbuko lake. Alama yake kuu ni gitaa la umeme ambalo sauti yake imekwaruzwa kwa makusudi hadi ikawa nene na nzito. Mpiga gitaa hurudiarudia kipande kifupi cha noti chache, na kipande hicho ndicho uti wa mgongo wa wimbo.

Gitaa la namna hiyo hujaza nafasi yote. Mpiga dramu asipokuwa na nguvu na mpangilio, husikika kama mtu anayegonga mlango kwa mbali. Seti yake ina dramu ya besi inayopigwa kwa pedali ya mguu, snea, ambayo ni dramu bapa yenye nyuzi za chuma chini yake, dramu za tomu za ukubwa mbalimbali, na matoazi. Miongoni mwa matoazi hayo yamo mawili ya haihati, yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu wa kushoto. Mikono miwili na miguu miwili hufanya kazi nne tofauti kwa wakati mmoja, na kila kiungo lazima kijue zamu yake bila kungoja amri.

Kwa hiyo mpiga dramu wa metali hubeba mizigo miwili. Kwanza hushika mwendo, ili wenzake wasitawanyike. Pili huamua uzito wa kile kinachopigwa na magitaa, kwa sababu kipande kilekile cha gitaa huwa cha mwendo wa jeshi, cha mbio au cha mazishi kulingana na mahali snea inapoangukia. Lombardo alipata sifa zaidi kwa kazi hii ya pili kuliko kwa kasi yake, ingawa kasi ndiyo iliyotangulia kusemwa.

Mtoto wa bongo

Familia ya Lombardo ilihamia South Gate, karibu na Los Angeles, akiwa na miaka miwili. Nyumbani kulisikika muziki wa Kikuba. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki muziki huo si mgeni: santuri za mfululizo wa GV, zilizoanza kuingia Afrika miaka ya 1930, ziliwafikishia wanamuziki wa Kongo na Tanganyika mapigo ya son na rumba, na ndiyo maana Morogoro ikawa na bendi iliyojiita Cuban Marimba, ya Salum Abdallah. Chimbuko lenyewe liko Afrika. Ngoma ya konga ilikuzwa Kuba na watu waliotokana na mateka wa utumwa kutoka eneo la Kongo, na ngoma za batá ziliingia huko na Wayoruba.

Katika muziki huo hakuna ala moja ya midundo inayobeba wimbo peke yake. Vijiti viwili vya mbao hugonga pigo la mhimili lisilobadilika, bongo hujibizana na mwimbaji, konga hujaza mapengo, na timbale hutangaza kwamba wimbo unaingia sehemu nyingine. Mtoto anayekua akisikia hayo huzoea mapema jambo ambalo wapiga dramu wengi wa roki hulisomea ukubwani, yaani kusikia mapigo kadhaa kwa pamoja na kujua lipi ni la kushikilia na lipi ni la kuchezea.

Akiwa na miaka minane alipeleka bongo shuleni na kuzipiga mbele ya darasa, akifuatisha santuri ya Santana. Uchaguzi huo ulibashiri mengi. Carlos Santana, mzaliwa wa Meksiko, alikuwa ameunganisha gitaa la roki na konga na timbale, na moja ya nyimbo zilizompa umaarufu mwaka 1970, “Oye Como Va”, ilitungwa na Tito Puente, bingwa wa timbale wa New York. Katika santuri ya namna hiyo, Kuba na roki vilikuwa vimekwisha kukutana kabla Lombardo hajagusa dramu za roki.

Baada ya hapo alijiunga na bendi ya shule, akapewa ngoma ya gwaride. Ngoma moja haikumtosha. Alipofika miaka kumi, baba yake alimnunulia seti ya vipande vitano kwa dola zipatazo 350. Wazazi wake walikuwa tayari kumlipia mafunzo, naye akayajaribu, lakini yalimchosha akayaacha baada ya muda mfupi.

Shule ya santuri

Santuri ya kwanza aliyoinunua ilikuwa *Alive!* ya bendi ya Kiss, iliyotoka mwaka 1975. Ndani yake umo wimbo “100,000 Years”, ambamo mpiga dramu Peter Criss anaachiwa uwanja peke yake. Lombardo aliurudia wimbo huo mpaka akaweza kukipiga kipande chote cha dramu kwa kichwa. Rafiki zake wakamsikilizisha “Moby Dick” ya Led Zeppelin, ya mwaka 1969, inayojengwa juu ya dramu za John Bonham. Orodha ikaendelea kurefuka: Bill Ward wa Black Sabbath, Ian Paice wa Deep Purple, Mitch Mitchell aliyempigia Jimi Hendrix, na Ginger Baker wa Cream.

Namna hii ya kusoma ina taratibu zake hata kama hakuna aliyeziandika. Mwanafunzi husikiliza sekunde chache, hurudisha sindano nyuma, husikiliza tena, kisha huketi kwenye dramu na kutafuta kwa mikono kile alichokisikia. Akikosea, santuri haimsahihishi wala haimsubiri. Inaendelea, na yeye ndiye anayebaki nyuma. Kwa njia hiyo sikio hunolewa sana, kwa kuwa hakuna karatasi ya kutegemea. Kumbukumbu nayo hupanuka, na mwendo wa mtu mwingine huingia mwilini pamoja na vionjo vyake vidogo: pigo linalochelewa kidogo, toazi linaloguswa kabla ya wakati, snea inayopigwa kwa upole ili ile inayofuata isikike kali.

Upungufu wake unajulikana pia. Santuri haimwonyeshi mwanafunzi jinsi ya kushika kijiti, jinsi ya kukaa, au mahali pa kuweka kisigino ili mguu usichoke. Mambo hayo mwenye kujifundisha huyagundua kwa kujaribu. Baadhi huyagundua vibaya na kujiumiza, na baadhi hupata mitindo ambayo mwalimu angeikataza ingawa inafanya kazi. Lombardo alikuwa wa kundi la pili.

Walimu wake wa kwenye santuri walikuwa na jambo moja la pamoja: karibu wote walikuwa wamelelewa na jazi. Criss alimhusudu Gene Krupa, nyota wa dramu wa miaka ya 1930. Ward alisikiliza bendi kubwa za dansi za Kimarekani. Baker na Mitchell walipita kwenye jazi kabla ya roki. Kwa hiyo kijana wa South Gate aliyedhani anajifunza roki alikuwa akipokea pia desturi ya wazee wa jazi ya kuyafanya mapigo yayumbe kidogo. Metali nyingi ya baadaye, iliyopigwa na watu walioisikiliza metali peke yake, iliukosa mnyumbuko huo.

Kabla ya kujikita kwenye roki, Lombardo alipitia pia kazi ya udijei, akipiga disko na fanki kwenye sherehe hadi mwaka 1979. Disko hudharauliwa na wapenzi wengi wa metali, lakini dijei hujifunza haraka kwamba watu huinuka kucheza kwa sababu ya dramu ya besi iliyonyooka, na kwamba kubadilisha wimbo mapema au kuchelewa kidogo huwarudisha vitini.

Gereji, piza na kuzaliwa kwa Slayer

Mwaka 1979 alianzisha bendi ya kwanza na vijana wenzake. Miaka miwili baadaye, akifanya kazi ya kupeleka piza majumbani, alikutana na Kerry King, mpiga gitaa aliyekuwa akiishi jirani. King naye alikuwa amefahamiana na mpiga gitaa mwingine, Jeff Hanneman, na Tom Araya, mzaliwa wa Chile, aliyeimba na kupiga gitaa la besi. Wanne hao waliunda Slayer mwaka 1981 katika mji wa Huntington Park, wakianza kwa kupiga nyimbo za bendi za Kiingereza kama Iron Maiden na Judas Priest kwenye vilabu na sherehe.

California ilikuwa wakati huo ikizaa mtindo mpya uliokuja kuitwa thrashi. Bendi nne ndizo zinazotajwa kama nguzo zake: Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax, na ya mwisho ndiyo pekee iliyotoka New York. Thrashi ilichukua uzito wa gitaa la metali ya Kiingereza na kuutia mwendo wa panki ya Marekani. Katika Slayer, mlango wa panki ulifunguliwa na Hanneman, aliyewaletea wenzake santuri za bendi za panki kali. Lombardo aliukamata mwendo huo upesi.

Pigo la panki kali ni rahisi kulieleza na gumu kulidumisha. Dramu ya besi na snea hupokezana bila nafasi katikati, kama hatua za mtu anayekimbia, na snea huangukia pale ambapo katika roki ya kawaida pangekuwa kimya. Mpiga panki huliendesha kwa hasira hadi wimbo uishe, mara nyingi ndani ya dakika mbili. Lombardo alilichukua pigo hilo akalifanyia kile alichokisikia kwenye rumba na jazi. Alilikatiza kwa mizunguko ya tomu, akaligeuza kwa mipito mifupi kila gitaa lilipobadilika, kisha akalirudisha bila mwendo kupungua.

Albamu ya kwanza ya Slayer, *Show No Mercy*, ilitoka mwaka 1983. Ilirekodiwa kwa fedha chache, na sauti ya matoazi ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba matoazi yalirekodiwa peke yake baada ya dramu nyingine. Mpiga dramu alilazimika kugawa katikati kitu ambacho mwili wake ulikuwa umezoea kukifanya kwa pamoja.

Miguu miwili

Ufundi uliolibeba jina la Lombardo zaidi ni wa kupiga dramu mbili za besi, moja kwa kila mguu. Hakuubuni yeye. Louie Bellson, mpiga jazi wa Marekani, alizitumia dramu mbili za besi tangu miaka ya 1940, na baadaye Ginger Baker na Keith Moon wa The Who wakazileta kwenye roki. Mwaka 1979 bendi ya Motörhead ilitoa wimbo “Overkill”, ambamo Phil Taylor anaendesha miguu yote miwili bila kupumzika karibu wimbo mzima, na vijana wa metali pande zote mbili za Atlantiki wakaona kwamba jambo hilo linawezekana.

Lombardo alianza kuutumia ufundi huo kwa dhati mwaka 1984, Slayer walipokuwa wakirekodi *Haunting the Chapel*. Katika kundi la wasaidizi wao alikuwemo kijana Gene Hoglan, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wapiga dramu wanaoheshimiwa sana katika metali, na wawili hao walibadilishana maarifa. Studio haikuwa na zulia, dramu ziliteleza kwenye sakafu kila zilipopigwa kwa nguvu, na Hoglan akazishikilia kwa mikono wakati “Chemical Warfare” ikirekodiwa.

Hesabu ndogo inaonyesha ugumu wa kazi yenyewe. Wimbo ukienda kwa mapigo 200 kwa dakika, na miguu ikipiga mara nne katika kila pigo moja, hayo ni mapigo 800 kwa dakika, yaani zaidi ya 13 kwa sekunde. Kila mguu hupiga karibu mara saba kila sekunde, na lazima mapigo ya kulia na ya kushoto yalingane kwa nguvu, la sivyo sikio husikia mtu anayechechemea. Paja zima haliwezi kunyanyuka na kushuka mara saba kwa sekunde. Mwendo unapozidi, kazi huhama kutoka pajani kwenda kwenye kifundo cha mguu, na mpigaji asiyefahamu hivyo hukakamaa misuli kabla wimbo haujafika katikati.

Katika miaka ya 1980 zilianza kuuzwa pia pedali pacha, zinazomwezesha mtu kupiga dramu moja ya besi kwa miguu yote miwili. Ni nafuu kwa bei na kwa usafirishaji. Lombardo alipendelea kubaki na dramu mbili, na sababu yake ilikuwa ya kisauti. Ngozi ya dramu ikipigwa huendelea kutetemeka kwa muda mfupi. Ikigongwa tena mahali palepale kabla haijatulia, pigo la pili hugongana na mtetemo wa la kwanza na sauti hufifia. Dramu zikiwa mbili, kila moja hupata nafasi ya kupumua.

Dakika 29

Oktoba 1986 Slayer walitoa *Reign in Blood*. Nyimbo zake kumi zote hudumu takriban dakika 29, urefu ambao bendi nyingine za wakati huo zingeweza kuuona kuwa nusu ya kazi. Mtayarishaji alikuwa Rick Rubin, aliyejulikana kwa hip hop kupitia kampuni ya Def Jam, na fundi mitambo alikuwa Andy Wallace. Maneno ya albamu hiyo yalizua mabishano makali, hasa wimbo “Angel of Death” unaohusu ukatili wa daktari wa Kinazi Josef Mengele huko Auschwitz, na kampuni ya Columbia ilikataa kuisambaza. Geffen ndiyo iliyoibeba.

Kwa upande wa dramu, mchango mkubwa wa Rubin ulikuwa kuondoa mwangwi. Rekodi za metali za miaka hiyo zilijazwa mwangwi mwingi ili zisikike kubwa, na katika mwendo wa kasi mwangwi wa pigo moja hulifunika pigo linalofuata. Rubin aliziacha sauti kavu na za karibu. Matokeo yake ni kwamba kila kitu alichokifanya Lombardo kilisikika, na kosa lolote lingesikika vilevile. Wasikilizaji wengi hapo ndipo walipotambua kwamba ndani ya zile kelele kulikuwa na mtu anayepanga mapigo kwa hesabu.

Mifano miwili ndiyo inayotajwa zaidi. Katika “Angel of Death” magitaa hunyamaza ghafla, na dramu mbili za besi zikabaki peke yake kwa sekunde chache kabla bendi nzima kurudi. Ni kipande kifupi kuliko “Moby Dick”, lakini kwa vijana wa metali kilifanya kazi ileile: wengi walikaa nyumbani wakirudiarudia sekunde hizo mpaka miguu ikakubali. Katika “Raining Blood”, wimbo wa mwisho, dramu za tomu hulia kwa mafungu ya mapigo matatumatatu kutoka katikati ya sauti za mvua na radi, kabla bendi nzima haijaingia. Nguvu ya mwanzo huo inatoka kwenye nafasi zilizoachwa tupu.

Mafanikio hayo hayakuja na fedha. Mwishoni mwa 1986 Lombardo aliondoka kwenye bendi akilalamika kwamba ziara hazimlipi, na mtu mwingine akashika nafasi yake kwa muda. Mwaka 1987 alirudi.

Kupunguza mwendo

Wanne hao walijua kwamba hawawezi kuizidi *Reign in Blood* kwa kasi, hivyo katika *South of Heaven* ya mwaka 1988 walipunguza mwendo kwa makusudi. Kwa mpiga dramu aliyetukuzwa kwa kasi huo ulikuwa mtihani mgumu zaidi. Katika mwendo wa pole kila pigo hubaki wazi, na mpigaji mwenye wasiwasi hulijaza kila pengo. Lombardo aliacha mapengo. Wimbo uliobeba jina la albamu hiyo unasonga taratibu, na uzito wake unatokana na jinsi snea inavyocheleweshwa na matoazi yanavyopewa muda wa kufifia.

*Seasons in the Abyss* ya mwaka 1990 iliziweka njia zote mbili pamoja. “War Ensemble” inaanza kwa mbio kamili, ilhali “Dead Skin Mask” inatambaa. Kufikia hapo lugha yake ilikuwa imekamilika: mbio kutoka panki, uzito kutoka Black Sabbath, mizunguko ya tomu kutoka roki ya miaka ya 1970, na hisia ya zamu na majibizano kutoka muziki wa Kikuba.

Nje ya Slayer

Mwaka 1992, wakati mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, Lombardo alitengana tena na Slayer, na nafasi yake ikachukuliwa na Paul Bostaph. Wengi walidhani huo ndio mwisho wa sehemu muhimu ya kazi yake. Kwa hakika ndipo ilipoanza sehemu iliyo pana zaidi.

Kwanza aliunda Grip Inc. pamoja na mpiga gitaa Waldemar Sorychta. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1995, inafunguliwa na kipande kifupi cha ngoma chenye jina la Kihispania, “Toque de Muerto”. Kile kilichokuwa kimefichika ndani ya dramu za Slayer sasa kiliwekwa mlangoni. Mwaka 1998 alijiunga na Fantômas, bendi iliyoanzishwa na mwimbaji Mike Patton. Nyimbo za albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1999, zimepewa majina ya kurasa za kitabu cha katuni, na hazifuati beti wala viitikio. Huanza, hukatika, hunong’ona, kisha hulipuka bila onyo. Albamu ya mwaka 2004, *Delìrium Còrdìa*, ni wimbo mmoja wa zaidi ya saa moja. Katika muziki huo hakuna mwendo mmoja wa kujificha ndani yake, na mpiga dramu lazima akariri mamia ya mabadiliko. Hapo ndipo kumbukumbu iliyozoezwa na santuri tangu utotoni ilipolipa.

Nyuma kidogo, mwaka 1999, alikuwa pia amepiga katika *The Gathering* ya bendi ya thrashi ya Testament, na katika rekodi moja iliyotoka Italia akaongeza dramu zake kwenye muziki wa Vivaldi, mtunzi wa karne ya 18. Mwaka 2003 alisikika na Apocalyptica, Wafinland wanaopiga metali kwa selo, na mwaka 2005 na DJ Spooky katika albamu ya hip hop na sauti za majaribio. Hakuna mantiki ya kibiashara inayoziunganisha kazi hizi. Kinachoziunganisha ni tabia ya mtu aliyezoea kutafuta mwalimu mpya kila anapomaliza wa zamani.

Tukio la Juni 2004 lilionyesha faida ya tabia hiyo. Lars Ulrich, mpiga dramu wa Metallica, aliugua njiani kuelekea tamasha la Download nchini Uingereza. Metallica waliomba msaada wa wapiga dramu waliokuwapo, na Lombardo akapanda jukwaani kupiga nyimbo mbili, “Battery” na “The Four Horsemen”, bila ya kuwa na muda wa kufanya mazoezi kamili na bendi.

Kurudi na kuondoka

Wakati huo alikuwa amekwisha kurudi Slayer. Bostaph alikuwa ameondoka mwishoni mwa 2001 kwa maumivu ya kiwiko, na Lombardo aliyeitwa kusaidia kwa muda akabaki zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2004 bendi ilirekodi filamu ya onyesho ambamo *Reign in Blood* ilipigwa yote tangu mwanzo hadi mwisho, mpiga dramu akiwa na miaka 39, katika kasi aliyoiweka akiwa na 21. Albamu ya *Christ Illusion* ya mwaka 2006 iliipatia Slayer tuzo mbili za Grammy, moja kwa “Eyes of the Insane” mwaka 2007 na nyingine kwa “Final Six” mwaka 2008. *World Painted Blood* ikafuata mwaka 2009.

Februari 2013, siku chache kabla ya ziara ya Australia, ugomvi kuhusu malipo ulimtoa tena kwenye bendi. Mwezi Mei mwaka huo Jeff Hanneman, aliyemfungulia mlango wa panki, alifariki dunia. Lombardo aligeukia panki yenyewe. Kuanzia mwaka 2016 alipiga na Suicidal Tendencies, bendi ya Los Angeles iliyounganisha panki na thrashi tangu miaka ya 1980, na akapiga katika maonyesho ya kuungana tena kwa Misfits. Mwaka 2015 alikuwa ameanzisha Dead Cross pamoja na wanamuziki wengine wa panki kali. Mwaka 2020 alirekodi na Mr. Bungle, bendi nyingine ya Patton.

Athari yake

Baada ya *Reign in Blood*, kipimo cha mpiga dramu wa metali kilibadilika. Bendi za deathi metali zilizoinuka Florida na Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1980 zilianzia pale Slayer walipofika, zikaongeza kasi, na miguu miwili ikawa sharti. Joey Jordison wa Slipknot, aliyepiga dramu katika mojawapo ya bendi za metali zilizouza sana mwanzoni mwa karne hii, alimtaja Lombardo miongoni mwa waliomfunza. Wafuasi wengi walichukua kasi yake kwanza, kwa kuwa kasi hupimika kwa saa. Mnyumbuko wake umekuwa mgumu zaidi kuigwa, kwa sababu hauko ndani ya metali. Anayeutaka hana budi kurudi kule ulikotoka, kwa Krupa, Bonham na wapiga timbale wa Karibi.

Lombardo mwenyewe alirudi huko waziwazi mwaka 2023, alipotoa albamu yake ya kwanza kwa jina lake peke yake, *Rites of Percussion*, kupitia kampuni ya Ipecac inayohusishwa na Patton. Haina mwimbaji wala gitaa. Ina dramu za kawaida pamoja na bongo, konga, timbale na maraka, zikiwa zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na mfano aliouweka mbele yake ulikuwa *Top Percussion*, albamu ya ngoma tupu ambayo Tito Puente aliirekodi katika miaka ya 1950.